Jinsi vita kuu mbili za Ulaya zilivyobadili ardhi ya Karatu na Ngorongoro

WAGENI wengi waendao Ngorongoro hupita Karatu, mji ulioko takriban kilometa 140 magharibi ya Arusha, wakiwa na haraka ya kulifikia lango la hifadhi mapema. Njiani huona mashamba ya kahawa katika miteremko ya Oldeani na nyumba kuukuu za walowezi zilizozungukwa na bustani. Ndani ya kreta yenyewe, karibu na Mto Munge, yapo magofu ya nyumba ya mkulima wa Kijerumani.

Vitu hivyo vina historia moja. Ni mabaki ya ardhi iliyobadili wenyewe mara mbili katika muda wa takriban miaka 30 kwa sababu ya vita zilizoanzia Ulaya: Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, na Vita Kuu ya Pili, iliyodumu kuanzia mwaka 1939 hadi 1945.

Huko Ulaya vita hizo hukumbukwa kwa miji iliyogeuzwa kifusi. Mji wa Leuven nchini Ubelgiji ulichomwa moto Agosti 1914 pamoja na maktaba ya chuo kikuu chake. Ypres, mji mwingine wa nchi hiyo, ulibomolewa kwa mizinga karibu wote. Katika vita ya pili zikafuata Coventry ya Uingereza mwaka 1940, Hamburg ya Ujerumani mwaka 1943, na Warsaw ya Poland, ambayo kufikia mwanzoni mwa 1945 sehemu kubwa ya majengo yake yalikuwa yamelala chini.

Karatu na Ngorongoro hapakuwa na mji wa kubomolewa, wala hapakupiganwa pigano kubwa la kuandikwa vitabuni. Hata hivyo, raia wa nyanda hizo hawakusalimika. Walitoa watu, walitoa mifugo na nafaka, na amani iliporejea waligundua kuwa ardhi waliyoizunguka ilikuwa imekwisha kugawiwa na serikali mpya kwa wageni wapya.

Nyanda kabla ya mizinga

Ili kuelewa kilichotokea, sharti kurudi nyuma hadi mwisho wa karne ya 19. Mnamo Machi 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alifika kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuiona. Aliwakuta Wamasai katika hali ya kusikitisha. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umewaua ng'ombe wao karibu wote, na njaa pamoja na ndui vilikuwa vinawamaliza watu.

Utawala wa Kijerumani ulitumia udhaifu huo. Kuanzia mwaka 1905 uliwatengea Wamasai eneo maalumu kusini ya barabara ya Moshi na Arusha, na kuwataka waondoke katika malisho ya kaskazini. Nyanda za juu za Ngorongoro, zenye maji ya kudumu na majani mabichi hata wakati wa kiangazi, zikachukuliwa kuwa ardhi iliyo wazi kwa walowezi.

Miongoni mwa waliofika ni ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf. Waliikodi ardhi ya chini ya kreta kutoka kwa serikali ya Kijerumani. Adolf alijenga upande wa kaskazini, karibu na Mto Munge, na nduguye akakaa upande wa msitu wa Lerai. Walifuga ng'ombe na mbuni, wakaandaa safari za uwindaji kwa marafiki zao, na hata kujaribu kuwafukuza nyumbu watoke katika kreta ili mifugo yao ipate nafasi.

Upande wa kusini, Wairaqw waliendelea kulima na kufuga katika milima ya Mbulu, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga boma. Wadatoga walikuwa na malisho yao, nao Wahadzabe waliwinda na kurina asali pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Karatu ya leo ilikuwa sehemu ya eneo hilo la Mbulu, ikiwa mahali ambapo jamii hizo zilipakana.

Vita yafika kaskazini

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Miezi mitatu baadaye mapigano makubwa yalizuka katika ardhi ya Tanzania ya leo. Waingereza walishambulia Longido tarehe 3 Novemba, na katika siku hizohizo jeshi lao lililotoka India lilishindwa vibaya huko Tanga na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja mpaka wa kaskazini ulibaki ukilindwa na pande zote mbili. Mambo yalibadilika Machi 1916, pale Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alipoongoza mashambulizi kuzunguka Mlima Kilimanjaro. Moshi ikaanguka, na Arusha ikafuata mwezi huohuo.

Aprili mwaka huo, askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer waliondoka Arusha kuelekea kusini. Walipita Lolkisale na Ufiome, upande wa mashariki wa Ziwa Manyara, wakaiteka Kondoa. Safari ilifanyika katikati ya masika. Farasi walikufa kwa wingi kutokana na maradhi, magari yalizama katika tope, na askari walibaki na njaa kwa sababu chakula hakikuweza kuwafikia.

Mahali ambapo gari lilikwama na mnyama akafa, mzigo ulihamia kichwani mwa mtu. Hapo ndipo vita ya Wazungu ilipokuwa vita ya kila kijiji.

Wapagazi, njaa na mafua

Katika muda wote wa kampeni ya Afrika Mashariki, upande wa Uingereza peke yake uliandikisha takriban watu milioni moja kuwa wapagazi na vibarua, kutoka makoloni yake na kutoka maeneo iliyoyateka. Hesabu rasmi ilitaja vifo vipatavyo 95,000, na baadhi ya wanahistoria wanaamini kuwa waliokufa walikuwa wengi zaidi. Wajerumani nao walikamata wapagazi kwa maelfu bila kuweka kumbukumbu za kutosha.

Wengi wa wapagazi hao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi na uchovu. Watu waliozoea kula ndizi nyumbani walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusunusu kwa sababu ya haraka ya safari, na matumbo yao hayakuuhimili. Jina la Kariakoo, mtaa maarufu wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo.

Majeshi yaliposonga mbele yalikula yalichokikuta. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa kwanza na Max Wintgens, na kuanzia Mei na Heinrich Naumann, kilijitenga na jeshi kuu na kuzunguka nyuma ya mistari ya Waingereza. Kilifika hadi Ikoma, magharibi ya Serengeti, na baadaye kikashambulia kituo cha reli cha Kahe karibu na Moshi, kabla ya kusalimu amri Oktoba mwaka huo. Kikosi cha namna hiyo hakikuwa na ghala wala njia ya kuletewa chakula. Ghala lake lilikuwa vihenge na mazizi ya wananchi.

Madhara makubwa zaidi yalionekana kusini ya nyanda hizi, katika nchi ya Wagogo. Pande zote mbili zilikuwa zimechukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu za kulima. Mvua zilipokosekana, ikazuka njaa iliyoitwa Mtunya, iliyodumu kati ya mwaka 1917 na 1920. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa kati ya Wagogo wapatao 150,000, yaani mmoja katika kila watano.

Kabla ya njaa hiyo kwisha, mafua makali yaliyoenea duniani kote mwishoni mwa mwaka 1918 yaliingia nchini. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba yaliua kati ya watu 50,000 na 80,000 katika Tanganyika. Askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao ndio waliokuwa miongoni mwa walioyabeba kutoka kituo hadi kituo, bila wenyewe kujua.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hiyo ilikuwa wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Mali ya adui

Kwa Wamasai wa Ngorongoro, vita ilileta jambo moja ambalo halikutarajiwa. Ulinzi wa Wajerumani ulipolegea, wafugaji walianza kuvuka tena mipaka waliyowekewa, wakarudi na mifugo yao katika nyanda za juu. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliitambua sehemu kubwa ya nchi hiyo kuwa eneo la Wamasai.

Lakini yale mashamba ya kreta hayakurudi kwa mfugaji. Kwa mkataba wa amani wa Versailles wa mwaka 1919, Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote, na mali za raia wake katika nchi hii zilitwaliwa kama mali ya adui. Shamba la Siedentopf likapata mwenyewe mpya: Sir Charles Ross, tajiri kutoka Scotland, aliyelitumia katika miaka ya 1920 kama makao ya uwindaji na mapumziko.

Jina la Ross lilikuwa limekwisha kusikika katika vita yenyewe. Yeye ndiye aliyebuni bunduki ya Ross, ambayo askari wa Kanada walipelekwa nayo Ulaya. Katika mapigano ya Ypres ya Aprili 1915, bunduki hiyo ilikwama mara kwa mara kwenye tope na baada ya kupata moto wa kufyatuliwa mfululizo. Askari wengi waliitupa na kuokota bunduki za Waingereza waliokufa, na mwaka 1916 iliondolewa katika vikosi vya Kanada vilivyokuwa mstari wa mbele.

Hivyo, ndani ya miaka michache, mtu ambaye silaha yake ilikuwa imewaangusha askari mbele ya mji uliobomolewa wa Ubelgiji alikuwa akimiliki sehemu ya kreta iliyonyang'anywa Mjerumani, ambaye naye aliipewa baada ya Mmasai kuondolewa. Katika mlolongo huo wote wa kutoa na kupokea, mfugaji hakuwahi kukaa mezani.

Sheria zilizofuata ziliimarisha hali hiyo. Mwaka 1921 ilitungwa sheria ya kwanza ya Waingereza ya kulinda wanyamapori, na mwaka 1923 ikaja Sheria ya Ardhi iliyotangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya gavana. Mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku katika eneo lote lililo ndani ya ukingo wa kreta, isipokuwa katika mashamba yaliyokuwa ya Siedentopf. Hati ya wakati wa Wajerumani iliendelea kuwa na nguvu hata baada ya Mjerumani mwenyewe kuondoka.

Kahawa ya Oldeani

Wajerumani waliofukuzwa baada ya vita waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925. Wengi wao hawakurudi katika mashamba yao ya zamani, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuuzwa. Walitafuta ardhi mpya, na moja ya sehemu walizozipata ni miteremko ya Mlima Oldeani, juu ya Karatu.

Udongo wa pale ni wa volkano, mvua ni za kutosha na kimo kinaifaa kahawa. Walifyeka, wakachimba mifereji na kupanda. Shamba linalojulikana leo kama Gibb's Farm lilianzishwa na walowezi Wajerumani mwaka 1929, na mengine ya aina hiyo yalitanda hadi karibu na msitu. Kazi ya mikono ilifanywa na Waafrika, wakiwamo wenyeji wa Mbulu na vibarua waliotoka mbali.

Katika miaka hiyohiyo Wairaqw nao walikuwa wakipanda kuelekea kaskazini kutafuta mashamba na malisho, kwa sababu milima yao ya asili ilikuwa imejaa. Karatu ilikuwa njia yao ya kupumulia. Sasa upande wa juu walikutana na mashamba ya walowezi pamoja na msitu wa hifadhi, na upande wa magharibi na mashariki wakapakana na wafugaji waliokuwa na shida ileile ya ardhi.

Mambo ya Ulaya hayakuwaacha walowezi wenyewe. Adolf Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, matawi ya chama cha Nazi yalifunguliwa miongoni mwa Wajerumani wa Tanganyika, na madai ya kurudishiwa koloni yakaanza kusikika waziwazi. Kufikia mwaka 1939 Wajerumani walikuwa takriban 3,000, idadi iliyowatia wasiwasi watawala wa Kiingereza.

Septemba 1939

Uingereza ilipotangaza vita tarehe 3 Septemba 1939, polisi wa Tanganyika hawakusubiri. Wanaume wa Kijerumani walikamatwa katika mashamba na miji, wakawekwa kizuizini. Baadhi walirudishwa Ujerumani katika miezi ya mwanzo ya vita, na wengine wakapelekwa katika kambi za Afrika Kusini na Rhodesia Kusini, nchi inayoitwa Zimbabwe leo.

Kwa mara ya pili katika robo karne, mashamba yao yaliandikwa katika daftari la mali za adui. Serikali ilimteua msimamizi wa mali hizo, ambaye aliyakodisha au kuyaendesha ili kahawa na mazao mengine yasikatike. Kahawa iliendelea kuiva na kuchumwa. Kilichobadilika ni mkono uliotia sahihi katika daftari la mishahara.

Tofauti na mwaka 1914, mapigano hayakuingia Tanganyika. Lakini vita hii ya pili ilihitaji watu na mali kwa kiasi kikubwa zaidi, na ilikuwa na serikali yenye mkono mrefu wa kuvichukua.

Askari, ng'ombe na ngano

Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumika jeshini katika vita hiyo, wengi wao katika vikosi vya King's African Rifles na vya huduma. Walipigana na Waitalia nchini Somalia na Ethiopia mwaka 1941, wakashiriki katika kuitwaa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakavuka misitu ya Burma kuwafukuza Wajapani. Wako waliokwenda kwa hiari wakifuata mshahara, na wako waliopelekwa na machifu waliopangiwa idadi.

Waliobaki nyumbani walikuwa na vita yao. Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, dunia ilipoteza chanzo kikubwa cha nyuzi za kamba, na katani ya Tanganyika ikawa kama silaha. Serikali ikaruhusu watu wachukuliwe kwa lazima kufanya kazi katika mashamba ya katani, mpira na chakula. Wafugaji walishinikizwa kuuza ng'ombe ili kulisha majeshi na wafanyakazi, kwa bei ambayo wao hawakuipanga.

Ukame ulipoikumba nchi katika mwaka 1942 na 1943, ghala za vijiji zilikuwa tupu na vijana wa kulima walikuwa mbali. Njaa ilirudi katika mikoa mingi. Serikali ililazimika kugawa chakula kwa mgao, na katika miji bidhaa kama nguo na sukari zikawa adimu.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyoleta ngano kwa wingi katika Jimbo la Kaskazini. Serikali ilianzisha mradi wa kilimo cha ngano kwa mashine ili kulisha askari na miji. Mradi wenyewe ulipita, lakini zao lilibaki. Katika miaka ya 1950 wakulima Waafrika wa Karatu, hasa Wairaqw, walijulikana kwa kulima ngano kwa matrekta, jambo lililokuwa nadra katika Tanganyika ya wakati huo.

Raia wa Ulaya waletwa Arusha

Wakati Wajerumani wakiondolewa Oldeani, Wazungu wa namna nyingine waliletwa katika jimbo hilohilo. Hawa hawakuja kutafuta ardhi. Walikuwa raia wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, walioponea vita kwa njia ndefu mno.

Mwaka 1939 Poland iligawanywa kati ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti. Kuanzia Februari 1940 Warusi waliwatoa mamia ya maelfu ya wakazi wa mashariki ya nchi hiyo katika nyumba zao na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi mwaka 1941, Wapoland hao waliachiliwa. Mwaka 1942 maelfu walivuka kuingia Iran, na kutoka huko wakapandishwa meli hadi bandari za Afrika Mashariki.

Kambi yao kubwa barani Afrika ilikuwa Tengeru, mashariki kidogo ya mji wa Arusha, ambako waliishi takriban watu 5,000. Wengine waliwekwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Tengeru ilikuwa mji kamili wa vibanda vya duara vya udongo na nyasi, wenye kanisa, shule, hospitali na mashamba. Watoto waliokuwa wameona theluji na njaa ya Siberia walikulia chini ya Mlima Meru.

Vita ilipokwisha, wengi wao hawakuwa na pa kurudi. Mipaka ilikuwa imesogezwa, na miji na vijiji vyao vilikuwa ndani ya Urusi ya Kisovieti. Walibaki Tengeru kwa miaka kadhaa, hadi walipopokewa na nchi kama Uingereza, Kanada na Australia. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yake, yapatayo 150, yangali yakitunzwa.

Kisa cha Tengeru kinaonesha upande mwingine wa jambo hili. Mkimbizi wa Poland na mpagazi wa Tanganyika hawakufahamiana, lakini wote wawili waliondolewa kwao kwa amri za wakubwa waliokuwa mbali, na wote wawili waligundua baada ya vita kuwa mipaka ya makwao ilikuwa imechorwa upya bila wao.

Nani alipewa mashamba

Baada ya mwaka 1945 swali la mashamba ya Wajerumani lilirudi mezani. Wajerumani wengi hawakuruhusiwa kurudi. Katika Oldeani na Karatu, mashamba yao yalipita kwa walowezi wengine. Lile lililoanzishwa mwaka 1929 lilinunuliwa mwaka 1948 na James Gibb, Mwingereza aliyepigana katika vita hiyo, na ndilo lililobeba jina lake hadi leo. Mwaka 1972 lilianza kupokea wageni wa kulala, na kuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya utalii wa Karatu.

Askari wa Kiafrika waliorudi kutoka Burma walipata mshahara wao wa mwisho na nauli. Mpango wa kuwapa mashamba yaliyotwaliwa kutoka kwa adui waliyempiga haukuwapo kwa ajili yao.

Mahali ambapo jambo hilo lilichemka ni jirani, katika nchi ya Wameru. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyoundwa baada ya vita kuangalia ugawaji wa ardhi za Arusha na Moshi, yakiwamo mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani, ilipendekeza ardhi ipangwe upya ili mashamba ya Wazungu yaungane. Novemba 1951 takriban Wameru 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na nyumba zao zikachomwa moto.

Wameru walikataa kunyamaza. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alikwenda New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudishiwa ardhi wakati huo. Hata hivyo, kesi hiyo iliamsha watu nchi nzima, na miaka miwili baadaye, Julai 1954, chama cha TANU kikaundwa.

Ngorongoro ilifuata njia yake. Sheria ya hifadhi za taifa ya mwaka 1948, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1951, ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikijumuisha nyanda za kreta. Mgogoro na Wamasai ulisababisha eneo hilo ligawanywe mwaka 1959. Wafugaji walitakiwa kutoka Serengeti, na Ngorongoro ikafanywa eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja.

Makubaliano hayo yameguswa mara nyingi tangu wakati huo. Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi chini ya kreta waliondolewa. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992 na kupigwa marufuku tena mwaka 2009. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia baadhi ya wakazi Msomera, wilayani Handeni, ikisema kuwa ni kwa hiari na kwa faida ya hifadhi, huku baadhi ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu wakiupinga mpango huo.

Urithi wa vita

Vita peke yake haielezi migogoro yote ya ardhi ya nyanda hizo. Ongezeko la watu, utalii na uhifadhi vina sehemu yao. Lakini vita mbili za Ulaya ndizo zilizoweka utaratibu ambao matokeo yake bado yanaonekana: ardhi kutwaliwa kwa amri ya dharura, kuhesabiwa kuwa mali ya dola, kisha kugawiwa kwa mtu ambaye serikali ya wakati huo inamwamini.

Miji ya Ulaya ilipobomolewa, wenyeji wake walirudi na picha na ramani za zamani, wakaijenga upya mtaa kwa mtaa. Jumba la soko la Ypres lilisimamishwa tena jiwe kwa jiwe, na mji mkongwe wa Warsaw ukajengwa kufuata michoro iliyookolewa. Mwenyeji wa Karatu au Ngorongoro hakuwa na ramani ya namna hiyo. Haki yake ilikuwa katika kumbukumbu za wazee, katika majina ya mito na vilima, na katika njia za ng'ombe.

Kumbukumbu za namna hiyo hazikukubaliwa na msimamizi wa mali za adui mwaka 1920, wala mwaka 1939. Ndiyo maana historia ya vita hizo, katika nyanda hizi, ni vyema isomwe pamoja na historia ya hati za ardhi.